UZI: Eddie Harris, mzee aliyechomeka saksafoni kwenye umeme (kutoka Listen Here mpaka Is It In)

Mpuliza Saksi (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Huu uzi nimeuweka kiporo karibu mwaka mzima, leo naushusha. Juzi kuna mkuu mmoja aliandika kwamba jazi ikishapitishwa kwenye waya wa umeme sio jazi tena, ni makelele ya kuuzia santuri. Kiukweli iliniuma, maana santuri iliyonifanya mi nishike saksafoni ndo hiyo hiyo ya waya.

Mjomba wangu alikuwa baharia. Miaka ya sabini akirudi Tanga alikuwa hakosi vitu viwili kwenye begi, vitambaa vya bibi na santuri. Mi nimekuja kuzikuta kwenye kabati lake miaka ya tisini zimeshachoka, na moja ilikuwa The Electrifying Eddie Harris ya kampuni ya Atlantic. Sindano ikifika katikati ya wimbo wa Listen Here ilikuwa inaruka, basi mjomba anachukua senti hamsini anailaza juu ya kichwa cha sindano taratibu kama anamlaza mtoto, inatulia, halafu ananiambia we dogo usikanyage sakafu kwa nguvu. Kwahiyo mi huu wimbo nimeusikiliza kwanza nikiwa nimesimama wima sijitikisi, wakati ni wimbo ambao ukiusikia lazima kichwa kianze chenyewe. Nilikuwa naumia.

Sasa huyu Eddie Harris ni nani. Kazaliwa Chicago tarehe 20 Oktoba 1934, kaanza kwa kuimba kanisani na kupiga piano, akapita shule ya DuSable pale pale Chicago kwenye mikono ya mwalimu Walter Dyett ambaye alikuwa mkali balaa, ndo huyo huyo aliyewanoa wapuliza saksafoni kina Gene Ammons na Johnny Griffin. Piano alikuwa anaijua vizuri kiasi kwamba kazi zake za mwanzo za kulipwa alikuwa anampigia Gene Ammons piano, sio saksafoni. Baadae akachukuliwa jeshini akapelekwa Ulaya, akaingia bendi ya jeshi la saba pamoja na Cedar Walton na Don Ellis. Hii ya piano naomba muikumbuke, nitairudia.

Mwaka 1961 akaupiga wimbo mkuu wa filamu ya Exodus akiwa na kampuni ya Vee-Jay ya Chicago, ikafupishwa ili redio zikubali kuipiga, ikaingia kwenye 40 bora za chati ya pop Marekani. Santuri ya jazi! Na hapo ndo shida yake ilipoanzia, maana watu wa jazi wakishaona umeuza wanaanza kukuangalia kwa jicho la pembeni, kwamba huyu mtu wa biashara. Lile jicho halikumtoka maisha yake yote.

Nashusha kwa awamu, nipeni muda.

Binti Kisauni

Nimekaa hapa kaka na chai yangu ya tangawizi. Endelea.

Mpuliza Saksi

Asante dada yangu. Twende kwenye santuri yenyewe.

The Electrifying Eddie Harris imerekodiwa New York tarehe 20 Aprili 1967, mtayarishaji Arif Mardin, yule Mturuki ambaye baadae aliwatengenezea kazi watu wengi sana pale Atlantic. Kwenye piano yupo Jodie Christian, besi Melvin Jackson, dramu Richard Smith, na kwenye ngoma za mkono yupo Ray Barretto, na nyimbo nyingine kama Sham Time zinaletewa jeshi la wapulizaji, humo ndani yupo King Curtis na David Newman, yaani watu ambao kila mmoja ana santuri zake wamekuja kukaa nyuma.

Saksafoni ya Eddie hapo imeunganishwa na kifaa kinaitwa Varitone. Hicho kilitolewa na Selmer, hao hao watengenezaji wa saksafoni, mwaka 1965. Shingoni mwa saksafoni panawekwa maiki ndogo, kwenye mwili wa saksafoni kinaning'inizwa kiboksi cha vitufe, waya unaenda kwenye amplifaya yenye spika yake. Ukibonyeza huku unapata mwangwi, huku sauti inatetema, huku inakuwa nzito au kali, na kuna kitufe cha oktava ambacho kinaongeza sauti nyingine oktava moja chini ya ile unayopuliza, mnakuwa wawili na wewe uko peke yako. Mpuliza saksafoni Sonny Stitt alisharekodi nayo mwaka 1966, kwahiyo Eddie sio wa kwanza. Wengi waliijaribu, wakaona ni kitu cha kuonyesha dukani, wakaiacha.

Eddie hakuiacha. Na sababu naiona kwenye Listen Here.

Sikilizeni jinsi ule wimbo ulivyo. Ni zaidi ya dakika 7. Dramu na ngoma zinaweka mkeka, besi ina kipande chake kifupi inakirudia, piano nayo inajibu kipande hicho hicho, na hawatoki hapo. Hakuna kupanda, hakuna korasi ya kumaliza, wamekaa kwenye kiti kimoja. Eddie akiingia haji na fujo, anaweka neno, anaacha, anasikilizia dramu, anaweka neno jingine. Ile sauti ya oktava ya chini inaifanya saksafoni ya tena (tenor, ndo aliyokuwa anapuliza Eddie) iwe na kifua kama ya baritoni, ile kubwa ya sauti nzito, kwahiyo hahitaji noti nyingi kujaza chumba. Noti moja ikiangushwa mahali pake inatosha watu kumi.

Na wimbo wenyewe haukuzaliwa pale. Alishaurekodi kwenye santuri ya Mean Greens iliyotoka 1966, ila kule anapiga kinanda cha umeme, saksafoni kaiweka chini. Mnaona sasa ile piano niliyosema? Huyu mtu wimbo aliufikiria kwanza kwenye vidole vya kinanda cha umeme, halafu akatafuta saksafoni itakayoweza kukaa kwenye mdundo ule kama kinanda kinavyokaa. Waya haukuwa urembo. Ndo ninachotaka kusema kwenye uzi huu, Eddie aliingia kwenye umeme akifuata mdundo.

Single yake ilikatwa fupi ikafika namba 11 kwenye chati ya R&B na namba 45 ya pop, albamu ikapanda mpaka namba 2 ya albamu za R&B. Maana yake iliwafikia watu wa kawaida, wa majumbani, wa baa zenye mashine za kutumbukiza sarafu, sio wenye madaftari ya jazi peke yao.

Mzee wa Santuri

Mleta uzi nimekusoma kwa heshima zote ila mimi ndiye niliyeandika juzi na bado nasimama pale pale. Mwaka 1967 unaousema, John Coltrane alikuwa anatoa roho yake kwenye saksafoni ya tena, bila waya, bila kiboksi, pumzi na mwanzi wa mdomoni tu. Hao wengine wanabonyeza vitufe. Ukiniambia Listen Here inachezeka nakubali, hata taarabu inachezeka. Lakini jazi ni kutafuta, ni kuhangaika na noti, sasa mtu anakaa kwenye kipande kimoja dakika saba anatafuta nini? Nadhani alikuta pesa kwenye Exodus akawa anazifuata kwa njia nyingine.

Mpuliza Saksi

Mzee wangu shikamoo, nimefurahi umekuja mwenyewe. Coltrane hapa hatumgusi, kafariki Julai 17 mwaka huo huo, miezi mitatu tu baada ya Eddie kurekodi hii, na mi nikimsikiliza nakaa kimya kama niko msibani.

Ila hoja ya kwamba Eddie alikuwa hajui kuhangaika na noti, hapana mzee, hapo nitakukatalia mpaka asubuhi. Mwaka 1965 kwenye santuri ya The In Sound alitoa wimbo unaitwa Freedom Jazz Dance. Chodi yake (noti zinazolia pamoja chini ya melodi) kimsingi ni moja tu, ila melodi yake inaruka, haitembei ngazi moja moja kama melodi tulizozoea, inapita kwa marukio ya nne, yaani kutoka noti moja mpaka ya nne yake, vidole vinatakiwa viende mahali ambapo mdomo haukutarajia. Mi ule wimbo nilikaa nao miezi, naupiga polepole kama mtoto anasoma a e i o u. Mwaka uliofuata mpiga tarumbeta Miles Davis akauchukua akaurekodi kwenye santuri yake ya Miles Smiles, akaweka nafasi za kimya katikati ya sentensi zake ili dramu ya Tony Williams ipumue. Na aliyepiga besi kwenye rekodi zote mbili, ya Eddie na ya Miles, ni mtu mmoja, Ron Carter. Sasa mzee, Miles hakuwa mtu wa kuokota nyimbo barabarani.

Alikuwa hata na kitabu chake cha mazoezi ya hayo marukio, anakiita The Intervallistic Concept. Wapulizaji mpaka leo kinawatoa jasho.

Kwahiyo mtu mwenye uwezo huo akiamua kukaa kwenye kipande kimoja dakika saba, kaamua. Anaweza kuondoka muda wowote, na haondoki. Mi naona hapo pia kuna kutafuta, anatafuta mahali pa kuweka noti, wapi hasa kwenye mdundo, mbele kidogo au nyuma kidogo.

Fundi Amplifaya

Wakuu mi muziki sijasomea, kazi yangu kutengeneza amplifaya na spika, ila hapo kwenye oktava naomba niingie maana watu wanadhani ni uchawi.

Chukua noti ya La. Inatetemeka mara 440 kwa sekunde. Maiki ya shingoni inageuza huo mtetemo kuwa umeme, unapanda na kushuka mara 440. Sasa ndani ya kiboksi kuna saketi ya transista yenye hali mbili tu, fikiria swichi ya taa ya kubonyeza, ukibonyeza mara ya kwanza inawaka, ukibonyeza tena inazima. Kila wimbi likipita linaibonyeza mara moja. Kwahiyo ili swichi iwake na kuzima mara moja kamili yanahitajika mawimbi mawili. Umeshaelewa? 440 inatoka 220, hiyo ni La ya chini, oktava moja kamili. Saketi haijui muziki hata kidogo, inahesabu tu moja mbili moja mbili.

Na kwa sababu swichi ina kuwaka na kuzima tu, wimbi linalotoka lina kona, sio la mviringo kama la filimbi, ndo maana sauti yake ina ukavu fulani wa nyuki. Mnachanganya ule ukavu na pumzi halisi ya saksafoni mnapata ile rangi.

Tatizo lake ni hili. Saketi ikipewa sauti safi inahesabu vizuri. Ukipuliza na pumzi chafu nyingi, au ukiunguruma kooni, au noti zikipishana haraka kabla ya ya kwanza kuisha, inapoteza hesabu, inababaika, inakupa mkorogo. Haikusamehi.

Mpuliza Saksi

Fundi Mungu akubariki, umenimalizia kitu ambacho nilikigundua kwa mateso.

Miaka michache nyuma nilinunua kipedali cha oktava cha gitaa la besi, cha mtumba, nikafunga maiki ya kubana mdomoni mwa saksafoni nikaenda kwenye chumba cha mazoezi Sinza. Nilikuwa nimejiandaa kupiga vitu vyangu vyote vya kasi. Yaani kile kipedali kilinikataa. Nikikimbia kinabwabwaja, nikiunguruma kinakohoa, mpiga dramu wetu akaacha kupiga akawa ananiangalia. Nikakasirika, nikakaa chini kama nusu saa sipigi. Baadae nikaanza upya na noti moja tu, Sol, mwanzi umelowa vizuri, pumzi imenyooka, nikaiachia ikae hesabu nne nzima. Kile kipedali kikafunguka. Vioo vya dirisha vilikuwa vinatetema. Nikaongeza noti ya pili, nikaacha pengo, nikaongeza ya tatu. Mpiga dramu akaingia mwenyewe bila kuambiwa, tukapiga hivo hivo mpaka mwenye chumba alipokuja kudai muda wake.

Siku ile ndo nilimwelewa Eddie kwa mwili, sio kwa masikio. Kile kiboksi kinamfundisha mpulizaji adabu. Kinataka noti iliyonyooka na nafasi katikati, na hivo viwili ndo mdundo wa fanki unavyovitaka pia. Wengi walikiacha kwasababu walitaka kibebe kasi yao ya bibop, ile jazi ya mbio, Eddie akapunguza mwendo, akakisikiliza kinataka nini. Na yeye alikuwa na bahati moja, sauti yake ya asili ilikuwa nyembamba na safi, haina mkwaruzo mwingi, kile kiboksi lazima kilimpenda.

Kijana wa Ilala

Mkuu mi nlidhani unaongelea jazz kama Morogoro Jazz 😅 nimeingia nikijua nakuja kumkuta Mbaraka Mwinshehe humu. Ila nimeplay hiyo Listen Here sahivi kwenye daladala, aisee.

Binti Kisauni

Hahaha Ilala usijali, kwetu sote neno lilikuja hivyo. Dar es Salaam Jazz ilianza 1932 huko, Western Jazz, Nuta Jazz, na OK Jazz ya Kinshasa, yote ni muziki wa dansi, jazz ni jina la bendi yenye vyombo vya kisasa. Babangu mpaka leo ukimwambia jazz anajua ni gitaa na rumba. Lakini wacha niseme, ukisikiza saksafoni ya Verckys alipokuwa na OK Jazz utaona naye vile vile hana haraka, anapuliza kwa ajili ya miguu ya watu. Hao wazee wangekaa meza moja na huyu Eddie wangeelewana bila mkalimani.

Mpuliza Saksi

Dada umegusa penyewe, na huyu Eddie alishakuja Afrika kupiga kabisa, sio hadithi. Tarehe 6 Machi 1971, Ghana inatimiza miaka 14 ya uhuru, pale Black Star Square Accra lilifanyika tamasha la Soul to Soul lililokesha mpaka asubuhi. Walikuja Wilson Pickett, Ike na Tina Turner, Staple Singers, Santana, Roberta Flack, na Les McCann akiwa na Eddie Harris. Filamu yake ipo, ilitoka mwaka huo huo. Kuna sehemu McCann na Eddie wanapiga na mzee wa Kighana, Amoah Azangeo, yeye ana kibuyu tu chenye punje ndani, anakipiga anakirusha anakidaka, na mdundo wake hauyumbi. Umati wa Accra ulikuwa haumjui Eddie, ila kile kibuyu wanakijua, na unaona kabisa daraja linajengwa pale. Muangalie mikono ya Azangeo. Mi nimeirudisha nyuma sijui mara ngapi.

Urafiki wa McCann na Eddie ulitokea Montreux, Uswisi, Juni 1969. Waliwekwa jukwaani pamoja karibu bila mazoezi, wakaongezewa Benny Bailey kwenye tarumbeta, na kilichorekodiwa usiku ule kikawa santuri ya Swiss Movement. Compared to What inayofungua ni ya Gene McDaniels, wimbo wa hasira, unaipiga ngumi vita ya Vietnam na unafiki wa wakubwa, na Cold Duck Time ni ya Eddie mwenyewe. Iliuza mno. Ukitaka kumsikia Eddie akiwa anatafuta njia mbele za watu bila ramani, nenda pale.

Mzee wa Santuri

Swiss Movement ninayo na ninaipenda, sikatai. Lakini hebu tuambie hiyo Is It In ya 1974 uliyoiandika kwenye kichwa cha uzi, maana ninavyojua miaka hiyo ndiyo kila mtu alipotea na mavinanda.

Mpuliza Saksi

Sawa mzee, hii ndo nilikuwa naisubiri.

Kabla ya hapo alipitia hatua. Plug Me In 1968, jina lenyewe limejieleza. Silver Cycles 1969, humo akaanza kutumia Echoplex, mashine ya mwangwi ya tepu, unapuliza sentensi inajirekodi kwenye kipande cha tepu kinachozunguka halafu inakurudia, unapuliza juu yake, mnakuwa watatu wanne. Huo wimbo wa Silver Cycles wenyewe usiusikilize ukiwa na haraka. Halafu akawa anachezea vyombo, akatengeneza mdomo wa mwanzi akauvesha tarumbeta, akachukua mdomo wa tromboni akauvesha saksafoni. Watu wakamcheka. Mwaka 1973 akaenda London akarekodi na wanarock, kina Jeff Beck na Steve Winwood, ikatoka kama E.H. in the U.K., mi hiyo sio sana, naona kila mtu anamheshimu mwenzake mno mpaka hakuna anayeongoza.

Is It In ni kitu kingine. Imetoka 1974, Atlantic hao hao, na ni bendi yake mwenyewe ya wanne wanaojuana. Rufus Reid kwenye besi, Billy James kwenye dramu na bongo (ngoma ndogo za mkono) za umeme, na Ronald Muldrow kwenye chombo kinaitwa gitogani. Hiki chombo sikuwahi kukielewa mpaka nikaona picha yake ya karibu. Ni gitaa, ila zile pau za chuma za shingoni zimekatwa vipande sita, kila waya na kipande chake, na kila kipande kimeunganishwa na mitambo ya kinanda ndani ya gitaa. Ukibana waya ukagusa chuma, saketi inafunga, kinanda kinalia. Ukiachia kinanyamaza. Kwahiyo Muldrow peke yake anakupa gitaa na ogani, anaweka chodi imelala kama ogani ya kanisani huku vidole vya kulia vinakwangua fanki.

Na ndo maana ile albamu haina msongamano. Watu wanne, umeme kila mahali, ila ukifunga macho unaweza kumnyooshea kila mmoja kidole mahali alipokaa. Funkaroma ni fanki ya jikoni, ina mafuta. Happy Gemini inakuinua. It's War inakukaba. These Lonely Nights ni ya kutulia, unagundua kwamba chini ya waya zote yule kijana wa kwaya ya Chicago bado yupo, anaimba. Na kuna House Party Blues, bluzi ya sebuleni ya watu wazima. Kuna vitu pia sivipendi, Space Commercial mi naona ni mchezo wa mashine uliozidi, nikifika pale naruka.

Lakini mzee nikuulize. Ukiondoa mashine kwenye Is It In, kinachobaki si ni kile kile cha jazi ya soul ya miaka ya sitini? Kanisa, bluzi, kuitana na kuitikiana, besi inayotembea na watu. Kabadilisha nguo tu. Waliopotea na mavinanda miaka ile, wengi wao waliacha nyumbani. Eddie nyumbani alikuwa nako mfukoni.

Kijana wa Ilala

Gitogani 🔥🔥 mkuu kuna mtu bongo anayo hiyo?

Fundi Amplifaya

Sijawahi kuletewa moja mezani kwangu na naomba isije. Vipande sita kila pau, kila kimoja na waya wake, piga hesabu hizo solda.

Binti Kisauni

Kaka mimi sina santuri, nina simu na hedfoni. Nianze wapi, usinipe orodha ndefu nitachoka.

Mpuliza Saksi

Dada anza na Listen Here, usiku, nyumba ikiwa imelala, hedfoni zote mbili masikioni maana besi ya simu bila hedfoni hakuna kitu. Ukiimaliza usiende kwingine, irudie, safari hii mfuate Ray Barretto kwenye ngoma umsahau Eddie. Kesho yake Cold Duck Time. Keshokutwa Is It In. Na kama una kiazi cha kumenya au nguo za kukunja ndo vizuri zaidi, huu muziki unapenda mikono iwe na kazi.

Eddie alifariki Los Angeles tarehe 5 Novemba 1996, ana miaka 62. Mjomba alikuwa bado hai. Habari yenyewe ilimfikia kwa kuchelewa, siku hiyo aliiweka santuri upande wa pili, ule ambao huwa hauchezi sana.

Mzee wa Santuri

Marahaba mwanangu, ile shikamoo yako sikuijibu, ilikuwa hasira. Nimerudi.

Jana usiku nimekaa na Listen Here mara tatu mfululizo, na Is It In mara moja. Sijabadilika kote, kile kinachoitwa Space Commercial nakubaliana na wewe, kingebaki studio. Ila kuna kitu nimekisikia mara ya tatu ambacho siku zote kilinipita. Kuna mahali Eddie anaacha kupiga, mimi nikadhani anavuta pumzi, kumbe kaacha kusudi, piano imemalizia sentensi yake. Na sio mara moja. Mtu anayefuata pesa haachi nafasi mwenzake aongee. Nilikuwa nasikiliza kiboksi, sikuwa namsikiliza mtu. Ile kauli yangu ya juzi kwa huyu bwana naiondoa.

Sasa niambie, santuri ya mjomba bado ipo?

Mpuliza Saksi

Mzee umenifurahisha mpaka nimemuita mke wangu aje asome.

Ipo. Iko kwa dada yangu Tanga, kwenye jalada lake, na senti hamsini iko humo humo ndani nimeibandika kwa gundi ya karatasi isipotee. Gramafoni nayo ipo, inazunguka vizuri, ila sindano ndo imekufa kabisa, imelika upande mmoja na sitaki ije ikachimba mifereji. Mwezi ujao naenda likizo. Fundi, kama unajua mtu mwenye sindano za gramafoni za zamani, hata moja, nicheki inbox.

Fundi Amplifaya

Nipigie picha kichwa chake kwa karibu, pande zote mbili, na kama kuna maandishi kwa chini yaonekane. Nna boksi moja la vichwa vya zamani hapa, tutaangalia.